Baba Mkwe Juu ya Madriye

Wasemao subira huvuta heri hawajawahi kupampu jeki. Mimi ni mtu wa haraka, na miaka ile ya sitini kazi yangu katika atelye, karakana ya barabara pale Masisi, ilikuwa kupima madriye, yaani mbao nene za madaraja. Unalaza madriye juu ya vyuma viwili vya mviringo, unashusha chuma cha tatu katikati kwa jeki, unapampu polepole huku ukitazama mti unavyopinda. Vyuma vya chini visipokaa sambamba, mti unajisokota na kipimo ni bure. Wiki ile nilivipanga, nikavipangua, nikavipanga tena. Sikutulia.

Sababu ilikuwa nyumbani. Mke wangu, binti wa msituni Walikale, alikuwa na mimba ya kwanza, na kwao mtoto wa kwanza hupokewa na bibi yake mzaa mama. Bibi huyo miguu ilikuwa imemkataa, asingeweza kuja. Mke wangu naye alikuwa mzito, hakuweza kwenda ila kwa kamio la mizigo, na daraja la njiani lilikuwa bovu, likibeba waenda kwa miguu tu mpaka madriye mpya zifungwe. Aliyezikata ni baba mkwe wangu.

Alileta moja ya kupimwa, pamoja na mdogo wake. Nilipoanza kupampu, akaketi kwenye ncha iliyotokeza nje ya chuma, mdogo wake kwenye ncha ya pili. Ni watu wema, hawawezi kuona mtu anahangaika wasimshikie kazi. Lakini ukikandamiza ncha, katikati panainuka. Mti ulipinda kidogo tu, na shefu wa atelye akafurahi.

"Iko muzuri! Kesho wafunge madriye kwenye kilalo."

Nilichemka. Kwetu mkwe hamwinui baba mkwe alipoketi. Ni sawa na kumfukuza. Nilizunguka mashine, nikapangusa grisi pasipo na grisi. Kila nikifumba macho naona kamio katikati ya mto, mke wangu ndani.

"Papa, munisamehe," nikasema. "Muinuke. Mukiikala pale, mti haiwezi kuonesha nguvu yake."

Aliinuka, akasimama mlangoni. Nilipampu tena, na madriye ikalia, ikapasuka. Kwa nje ilikuwa nzima. Kiini chake kilikuwa kimeoza. Baba mkwe alikuja akaingiza kidole katika ule uozo.

"Zote nilikata fasi moja na hii," akasema. "Mutoto yangu hatapita pale. Atazalia huku, kwako."

Nilikimbia nyumbani kama shujaa. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akaanza kufungua mzigo wake wa safari.

Alijifungua salama, mikononi mwa jirani, akimwita mama yake mpaka sauti ikakauka. Walipomaliza kumwosha mtoto, niliruhusiwa kuingia. Hakunitazama.

"Ungeacha Papa aikale," alisema.