Tangazo Nililolibandika Nyuma ya Mlango

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa katibu wa kanisa letu huku Kalama, na kila Jumapili ni mimi niliyesoma matangazo. Nilitangaza ndoa za wasichana niliowafundisha katekisimu, na sauti yangu haikukwama hata siku moja.

Ndipo nami, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nikapata mchumba, fundi wa umeme wa Athi River. Kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na anayejua kizuizi hutakiwa aseme. Zilikuwa zimebaki Jumapili nne kabla ya arusi, na mara baada ya arusi ingeanza Kwaresima, ambapo kwetu hakufungwi ndoa. Jumapili ya kwanza nilisoma mkutano wa akina mama, nikafika kwenye jina langu, nikaona haya, nikarukia mnada wa mbuzi. Baadaye nililibandika tangazo langu nyuma ya mlango wa kanisa, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Padre alilitazama. Ni mtu wa sheria za Kanisa na Kiingereza kizito. Akaniita ofisini.

"Katibu, hii ndoa bado haijakuwa promulgated."

Nikamwambia nimeibandika.

"Kubandika ni kubandika. Ku-promulgate ni kutoa neno mbele ya watu mpaka walijue, ndio likuwe na nguvu. Hata sheria ikiandikwa vizuri namna gani, kama watu hawajaambiwa, haijaanza. Leo sihesabu."

Zikabaki tatu kamili. Nikiruka nyingine, arusi ingesogezwa mpaka baada ya Pasaka. Lakini niliogopa kuchekwa, tena sana. Nilijua wanawake walivyonisema kisimani miaka yote hiyo, kwamba sitaolewa.

Jumapili iliyofuata nilisoma jina langu mbio mbio, macho chini. "Anayejua kizuizi aseme." Kisha mama yangu, benchi la mbele, akasimama.

"Niko na kizuizi," akasema, na kanisa zima likamgeukia. "Nimengojea hiyo tangazo miaka ishirini, na leo umeisoma kama unaiba. Soma tena, mwiitu wakwa, binti yangu, watu wasikie."

Padre akatikisa kichwa kukubali. Nikasoma tena, polepole, majina yote mawili, nikiwatazama usoni. Vigelegele vilipoanza havikukoma, na mnada wa mbuzi haukutangazwa siku hiyo.