Nilivyomsemea Bibi

Zahanati ya kwetu Ilemela ilinuka dawa ya kusafishia sakafu na dagaa. Dagaa walianikwa juu ya mawe ya ziwani, hatua chache kutoka dirishani, na upepo wa asubuhi ulileta harufu yao mpaka kwenye benchi tulilokalia mimi na bibi, mama yake mama. Nilikuwa darasa la nne. Bibi alikuwa amekuja kutoka kijijini, upande wa Bujora, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Mama hakuweza kuacha meza yake ya nyanya sokoni Mkuyuni, kwa hiyo alinikabidhi kadi ya bibi akasema, "Wewe sasa ni mkubwa. Utamsemea." Nikavimba kichwa. Njia nzima nilimshika bibi mkono kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Nesi alikuwa mgeni, mtu wa Pwani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza bibi anasumbuliwa na nini. Bibi aliinamisha uso, akaniambia kwa Kisukuma, polepole, kwamba anatokwa na damu, yeye ambaye siku zake zilikoma kabla sijazaliwa. Kwetu mtoto hataji mambo ya mwilini mwa mkubwa. Ukithubutu unafinywa mdomo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nesi alikuwa ananitazama, kalamu mkononi. Nikasema, "Tumbo linamuuma."

Alipewa dawa za minyoo. Tulipotoka nje bibi aliniuliza, "Umemwambia yote?" Nikamjibu, "Yote, bibi." Alimeza vidonge vile bila kuacha hata kimoja, akazidi kukonda. Nilimwona akifua vitambaa vyake nyuma ya nyumba, na kila siku niliyonyamaza iliifanya ya kesho yake kuwa ngumu zaidi. Mama alipokuja kugundua, tuliambiwa hospitali kubwa kwamba ni saratani ya kizazi na imeshasambaa. Bibi alifariki kabla mvua hazijaanza.

Siku hizi kazini wananiogopa kwa kusema. Jambo likienda kombo nalisema mbele ya bosi, na wenzangu hunituma niwasemee. Sijui kama bibi angepona lau nesi angeambiwa ukweli. Hilo hakuna wa kunijibu. Lakini mwezi uliopita, tukipalilia kaburi lake, mama alisema tena anachokisema kila mwaka: "Mama yangu alikuwa msiri mno. Angesema mapema, angeishi." Anamlaumu marehemu, na inamuuma. Nilisimama na jembe langu, nikatafuta pa kuanzia, sikupaona. Nikasema, "Ndiyo, mama," nikaendelea kupalilia.