Fundi Cherehani Aliyeongeza Sentimita Moja Kwenye Gitaa

Saa tisa alasiri, Jumamosi, cherehani imefunikwa kwa shuka na mwenyewe amepiga magoti mbele ya gitaa. Mkononi ana pasi ya mkaa, ile ile aliyonyooshea suruali tatu za wateja asubuhi. Anaiteremsha polepole juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji, kitambaa kinafoka, na mvuke unapanda hadi kwenye mabati.

Hapumui. Mkewe Pascaline, aliyesimama mlangoni na beseni la usipa, dagaa wa ziwani, naye hapumui.

Bisimwa, mwenye miaka 36, ni fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Gitaa si kazi yake. Alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa miezi kumi na minne, na kuna majirani walioamini kabisa kwamba jua limempata kichwani. Sasa wanamwona analipiga pasi. Hawana tena haja ya kujiuliza.

Kumbe anajaribu kubandua daraja, yaani kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi tumboni mwa gitaa. Gundi ikilainika kwa joto, daraja litabanduka naye atalisogeza mahali panapostahili. Uso wa gitaa ukipasuka, basi, kazi yote imekwenda na maji. Na kesho, baada ya ibada, kaka yake Alexis anakuja kutoka Lilongwe kulipiga.

“Mbao haiko kama kitambaa,” anasema bila kuinua macho. “Kitambaa ukikosea, unafumua, unaanza tena. Mbao inakuangaliaka tu.”

Lilivyotengenezwa gitaa hilo ni habari ya peke yake. Mbavu zake ni mbao za mlombwa, mabaki aliyouziwa na seremala mmoja wa Biwi, mjini Lilongwe, naye alizikunja kwa pasi na maji kama anavyokunja marinda ya sketi. Uso ni wa paini. Vijiti vya chuma vya shingoni vilikuwa spoku za baiskeli, zawadi ya Nahayo, Mrundi anayetengeneza baiskeli za kabaza, zile za kubebea abiria, mtaa wa pili. Nahayo huyo huyo alimpa mipira ya ndani iliyotoboka, naye Bisimwa akaikata vipande virefu na kuifunga kulizunguka gitaa ili gundi ishike. Kitu pekee alichonunua kipya ni vifunguo vya kukazia nyuzi na nyuzi zenyewe. Vilimgharimu kwacha elfu arobaini mjini Lilongwe, ambazo kwake ni ujira wa gauni tano za kitenge, kuanzia kukata hadi kushona vifungo.

Vipimo alivipata kwenye simu. Nyuzi ziwe na urefu wa sentimita sitini na tano, kutoka kichwani hadi darajani. Akavifuata vyote sawasawa, hadi alipofika kwenye daraja, siku ya mwisho. Hapo mkono wa fundi cherehani ukafanya ulichokizoea kwa miaka kumi na tisa. Ukaongeza sentimita moja.

Wanaoshona wanajua. Hakuna fundi anayekata nguo kwa kipimo kamili. Unaacha akiba ndani ya mshono, kwa sababu Krismasi itafika, mteja atanenepa, na atarudi kukulaumu wewe badala ya wali. Bisimwa aliacha akiba kwenye gitaa kama vile nalo litanenepa.

Kosa hilo hakuligundua yeye. Wiki mbili zilizopita alilifunga gitaa kwenye kitenge, akalipeleka hadi Chinsapo, mtaa wa Lilongwe ambako Alexis anaishi na mkewe Mmalawi. Alexis aliwahi kuwa mpiga gitaa wa kwaya ya parokia huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, na harusi za mtaa wao hazikuanza mpaka awe amefika. Akakaza nyuzi, akapiga kidogo sauti za chini, uso ukamchangamka. Alipopandisha vidole juu, sauti zikaanza kupishana. Akajaribu tena. Kisha akaliweka gitaa chini taratibu na kusifia rangi yake.

“Mi nashona tangu niko na miaka kumi na saba,” anasema Bisimwa. “Mutu akianza kusifu vifungo, najua robe haimukai.”

Alilirudisha gitaa Dzaleka siku hiyo hiyo, akalipima upya na kuikuta ile sentimita, na hakumwambia kaka yake kwa nini alikuwa amelitengeneza. Hapo ndipo penye mzigo wenyewe.

Miaka kumi na moja iliyopita, familia yao ilipoondoka Bukavu kwa haraka, Alexis alitangulia Uvira na mama yao, ambaye sasa ni marehemu. Bisimwa alibaki kufunga nyumba na kubeba kitakachobebeka. Baada ya begi la nguo alibakiwa na mkono mmoja, na mbele yake vitu viwili: gitaa la Alexis lililoning’inia msumarini, na kichwa cha cherehani. Akachukua cherehani.

Walipokutana Uvira, Alexis alimtazama mikono. Aliitazama kwa muda, kisha akageuka. Tangu siku hiyo gitaa halikutajwa tena baina ya ndugu hao wawili. Pascaline anasema mumewe alikuwa akisikia gitaa kanisani, anainuka na kwenda kusimama nje.

“Nilimuambia, muombe yaya wako pardon, iishe,” anasema Pascaline; kwao yaya ni kaka mkubwa. “Akakataa. Akasema maneno haina nyuzi.”

Rudi sasa kwenye pasi. Bisimwa anaiweka pembeni, anachukua kisu butu cha kupakia siagi na kukiingiza chini ya daraja. Kunasikika mlio mdogo, kama wa kijiti kinachovunjika. Pascaline anaweka beseni chini.

Daraja limetoka. Uso wa gitaa uko mzima, hauna hata ufa mmoja. Umebaki mstari mweupe upana wa kidole, pale mbao ilipokuwa haijaona rangi. Bisimwa anaupitisha mkono juu yake mara tatu, anakaa chini sakafuni, na kucheka mpaka machozi yanamtoka. Halafu anapaka gundi, anapima sitini na tano bila nyongeza, anafunga mipira ya Nahayo na kuwaambia watu wote wa nyumba wasipite karibu hadi kesho.

Jumapili, saa nane mchana, Alexis anafika na mkate na sukari. Hapewi hata maji kwanza, anapewa gitaa. Anakaza nyuzi akiwa ameinamisha sikio, anapiga chini, anapanda kidogo, anasita. Bisimwa ameangalia ukutani. Alexis anapanda hadi juu kabisa, na sauti zinakaa mahali pake.

Hasifu rangi. Anapiga wimbo mmoja wa kanisa wa kwao, kisha wa pili, na Pascaline anaanza kuimba humo humo jikoni, mkono ukiwa kwenye mwiko wa nsima, ugali wa Malawi.

Alipomaliza, Alexis akamuuliza mdogo wake nani amemwingiza kwenye wazimu huu. Ndipo Bisimwa akasema yote, moja kwa moja, bila kumwangalia: msumari, mkono mmoja, cherehani, na jinsi alivyotazamwa mikono kule Uvira.

Alexis analilaza gitaa magotini.

“Nilikuwa natafuta damu,” anasema. “Tulisikia njiani bantu baliumizwa. Nikakuangalia mikono nione kama iko mizima. Gitare haikunipita hata kwa kichwa.”

Anaongeza kwamba kwa miaka yote hiyo aliamini mdogo wake ndiye anayemnunia, kwa sababu yeye Alexis alitangulia na kumwachia mizigo peke yake. Kisha anakionyesha kidole kichwa cha cherehani, kilichowashonea watu nguo njiani, Kigoma na Mbeya, na hapa, na kuilisha familia yote.

“Ungeleta gitare, tungekula nini mu njia? Nyuzi?”

Bisimwa anacheka, lakini kicheko cha jana kilikuwa kingine. Hiki ni cha mtu aliyetua gunia baada ya kulibeba mpaka akasahau kuwa ni gunia. Mkewe anasema hajamwona amekaa hivyo, mgongo umeegemea ukuta, tangu waoane.

Mstari mweupe kwenye uso wa gitaa alitaka kuupaka rangi wiki hii. Alexis amekataa, anasema ubaki. Wamekubaliana atakuwa anakuja kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kufundisha vijana wa kwaya, na kwaya itahitaji gitaa la pili. Ubao wa mlombwa tayari umeegemezwa nyuma ya kitanda.

“Ya kwanza nilitengeneza na woga,” anasema Bisimwa. “Ya pili nataka nitengeneze na furaha tu.”

Anainuka kuupima ule ubao, mkono tayari uko kwenye futi ya kitambaa. Pascaline, anayeujua mkono huo, anamvua futi hiyo shingoni na kumkabidhi Alexis.