Posa ya Dada Yangu wa Mtandaoni

Mimi ni mtu wa kukaa ndani, lakini nilizindua mtandao wa kijamii wa Pemba nzima nikiwa kitandani. Nilijua mitandao mipya hufa kwa sababu anayeingia hukuta hakuna mtu, akatoka. Basi nikaujaza watu wa kubuni. Aliyevuma zaidi ni Salma, "dada yangu", fundi wa mkate wa kumimina. Watu wakafurika, na mie usingizi ukanipaa kwa furaha.

Kijana mmoja wa Konde, Shaame, akamwandikia Salma maneno matamu. Nikamjibu kama msichana wa heshima: "Waone wazee wangu." Nilidhani nimemfukuza.

Ijumaa baada ya sala, wazee watatu wakapiga hodi kwetu Jadida.

"Bi Time," akasema Mzee Faki, ami yake Shaame, "tumekuja kumposa Salma. Kijana wetu hali, halali."

"Salma yupi?" mama akashangaa. "Mie nimezaa madume matupu. Labda muulizeni huyu, ndiye anayeshinda na simu."

Mzee Faki akanikagua kuanzia miguuni, akaishia kidevuni.

"Shaame hakutwambia kama mchumba ana ndevu."