Siku Niliyoapa na Simu

Nichekeni tu, nimezoea, maana hata pale mtaani kwetu Kaptembwo kuna watu wakiniona bado wanainua mkono wa kulia juu na kuniuliza kama nimeshaapa, na mimi hupita nikitabasamu kama mtu hajasikia, lakini ndani naungua. Aibu yote ilianzia kwa hendibegi. Ndogo, nyekundu, imeingiana na viatu, na Biblia yangu ni ile kubwa ya zipu niliyopewa siku ya harusi, haiingii hapo hata uisukume na goti, kwa hivyo asubuhi hiyo nikaiacha kwa meza nikajiambia, kwani shida iko wapi, si niko na Biblia kwa simu?

Tulikuwa tumeitwa ukumbi wa shule moja hapa Nakuru, sisi tuliochaguliwa kuwa makarani wa uchaguzi, na hiyo kazi nilikuwa nimeitafuta kwa machozi (nimefunga na kuomba, nimepanga foleni kwa mvua, mahojiano nimeenda na homa). Sheria ni kwamba hakuna karani anagusa sanduku la kura kabla hajaapa mbele ya hakimu. Usipoapa, unaenda nyumbani, jina la mwingine linaitwa, na hao wengine walikuwa hapo nje wamesimama kwa madirisha wakituangalia tu.

Kando yangu alikaa jamaa mmoja wa suti ya kahawia, mpole, Biblia yake mpya inang'aa. Akaangalia mkono wangu.

"Madam, utaapa na simu?"

"Neno ni neno, boss."

"Na ikizima?"

"Iko na chaji," nikamjibu, na kiburi kidogo, eti mimi ndio wa kisasa.

Hakimu akaingia, mama mdogo wa mwili, miwani kwa ncha ya pua, na ukumbi wote ukasimama. Akasema anayeapa kwa dini yake ainue kitabu chake, na asiyetaka kuapa kwa jina la Mungu aende upande wa kushoto, atatoa ahadi tu bila kitabu, sheria inamruhusu. Hakuna aliyesonga (nani Nakuru hii ataenda kusimama upande wa wasiotaja Mungu, na mchungaji wake pengine ako hapo ndani?). Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kujiokoa, nikaiona ikipita. Biblia zikainuka, na mimi nikainua simu.

Tukaanza kurudia maneno ya hakimu mbio mbio kama watoto wa darasa la pili wakiimba hesabu. Tutafanya kazi kwa haki. Hatutapendelea mtu. Tukafika mahali pa kuapa kutunza siri, na hapo ndipo simu ikatetemeka mkononi. Nikaifinya inyamaze, kidole kikateleza, ikapokea. Sasa mjue simu yangu spika ya sikio ilikufa zamani, ukipokea lazima dunia yote isikie, na mum wangu naye hangojangi useme hello, yeye huanza kuongea kama mtu anatangaza matanga.

"Umeshaapa ama bado?"

Woi! Sauti ya mum kutoka kijijini Kabazi, juu kabisa, juu ya vichwa vya watu. Wengine wakacheka. Nikashusha mkono nikafinya ile alama nyekundu ya kukata, kioo kimepasuka, kikakataa. Nikafinya tena. Jasho hilo! Hakimu akaniangalia juu ya miwani, na mimi nikaona kazi yangu ikitoka kwa mlango.

"Nimeamkia hiyo maneno," mum akaendelea. "Nyinyi watu wa siku hizi mnataja Mungu kama mtu anasalimia jirani. Wakubwa wanaapa na Biblia juu, na hilo neno la mwisho, Ee Mungu nisaidie, wanalimeza haraka wakapigiwe makofi. Wewe usilimeze. Ukimwita Mungu aje akuwe shahidi, anakuja."

Hapo kicheko kiliisha. Nilikuwa nimeanza kuifunika simu na leso, na hakimu akainua kidole.

"Usikate," akasema.

Mum naye hajui chochote, anaendelea. Na sisi nyumbani tunaongea Kiswahili, kwa sababu yeye ni Mkalenjin na baba ni Mkikuyu, kwa hivyo hakuna hata mmoja hapo ndani ambaye hakuelewa.

"Ule mwaka wa vurugu za uchaguzi nililala kwa hema na nyinyi watatu, na baba yenu hatujui ako wapi. Waliotufikisha hapo walikuwa wameapa pia, mwanangu, na walitaja Mungu huyu huyu. Sasa sikia. Kama huwezi kuhesabu kura ya watu wangu sawa na ya watu wa baba yako, usiinue huo mkono. Rudi nyumbani tupande viazi. Mimi sitakulaumu."

Halafu ikakatika, pengine kredo yake ya simu iliisha. Nilikuwa nalia mbele ya watu, na simu bado nimeishika kama mtu ameshika kaa la moto.

Hakimu alivua miwani akaifuta. "Tutaanza upya," akasema, "na pole pole." Akanipa Biblia yake mwenyewe, bila kunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma kuliko matusi.

Wakati tunainua mikono tena, jamaa wa suti ya kahawia hakuinua. Aliangalia Biblia yake, akanong'ona, "Mimi siwezi," akachukua koti lake akatoka na mlango wa nyuma. Hakuna aliyemcheka. Huyo ndiye mtu mmoja hapo ndani niliyekuwa na uhakika amemwogopa Mungu, na mimi nilikuwa nimebaki, na sasa ilibidi niwe mkweli. Tuliapa kwa sauti ya chini kama watu walio kanisani kabla ibada ianze, na tulipofika "Ee Mungu nisaidie" niliomba kweli.

Tangu siku hiyo sijawahi kuapa hata kwa mchezo, hata mama muuza nyanya akinishuku sokoni. Lakini aibu yenyewe ilikuwa imebaki kumwambia mum. Nilimpigia siku hiyo hiyo nikiwa hapo nje kwa geti la shule.

"Mum, ulikuwa umewekwa kwa spika. Ukumbi mzima ulikusikia. Hata hakimu."

Nikamsikia akiweka jembe chini.

"Walisikia yote?"

"Yote, mum."

"Basi sawa," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa nimekosa mtu wa kuambia hayo."