Mguu wa Kushoto wa Zumaridi

Peninah alizaliwa Molo, nyuma ya mabanda ya shamba ambako baba yake alikuwa saisi, mtu wa kulisha na kutunza farasi. Kabla hajajua kusoma alikuwa ameshajua kupapasa mguu wa farasi na kusema kama una moto. Alipokua alifanya kazi hiyohiyo kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, na alipofika miaka thelathini na miwili akapata kafeel, mwajiri wa kumdhamini viza, Dubai, akaenda. Kwao walishangaa kusikia kwamba amekwenda Uarabuni na hafui nguo za mtu wala halindi mlango wa mtu. Anasugua farasi.

Mabanda aliyofikia yalikuwa ya tajiri mmoja ambaye wafanyakazi wote walimwita arbab, yaani bwana mkubwa, basi. Msimamizi wake alikuwa Taib, mtu wa Malindi, mwenye Kiarabu chepesi na kanzu iliyopigwa pasi hata asubuhi ya vumbi. Taib ndiye aliyemkabidhi Peninah farasi jike aitwaye Najma.

Najma hakuwa mkubwa. Mnadani wanunuzi walimpita mara mbili kwa sababu ya ufupi wake. Lakini siku ya kwanza Peninah alipomwekea sikio ubavuni baada ya mazoezi, alisikia moyo ukipiga polepole na kwa uzito, kama mtu anayetwanga bila haraka, akajua ameshika nini. Farasi akipiga shoti, kila hatua ni pumzi moja. Hawezi kuvuta pumzi nje ya hatua zake. Mwenye hatua ndefu ndiye mwenye pumzi ndefu, na mwenye moyo mkubwa ndiye anayeendelea kusukuma damu wakati wenzake wameshakauka. Hayo farasi huzaliwa nayo. Lakini kuna jambo jingine ambalo hakuna daktari anayelipima. Wako farasi wachache ambao wakisikia mwenzao anahema karibu na shingo yao, hulaza masikio na kukataa. Najma alikuwa wa kukataa. Alishinda mbio tano mfululizo, mbili kati ya hizo akiwa ameshapitwa.

Asubuhi moja ya Januari, Peninah aliukuta mguu wa kushoto wa mbele wa Najma una moto. Si moto mwingi. Alirudia mara tatu kwa kiganja, kisha akamfuata Taib.

"Huyu leo asitoke," alimwambia. "Kano ya kushoto imechemka."

"Arbab ana wageni kutoka Bahrain. Wamekuja kumwona akikimbia."

"Waonyeshwe mwingine."

"Dada Peninah, kazi yako wewe ni brashi. Yalla, mfunge tandiko."

Alimfunga. Kwa jambo hilo hakuweza kujisamehe baadaye. Najma alikimbia mita elfu moja vizuri kupita siku zote, halafu kano ikakatika na mfupa ukafuata. Hakuanguka. Alisimama kwa miguu mitatu, masikio yamesimama, akimtafuta Peninah kwa macho mpaka daktari alipokuja na sindano ya mwisho. Jioni hiyo Taib alimwambia arbab kwamba saisi alijua mguu una kasoro akaficha, kwa kuogopa kunyang'anywa farasi mzuri. Peninah hakuitwa hata kuulizwa. Kabla jua halijazama begi lake lilikuwa nje ya geti. Khalas.

Alikaa miezi miwili kwenye chumba cha kuchangia mtaa wa Discovery Gardens, kitanda cha juu, chini yake akilala Joanita, Mganda aliyekuwa mlinzi kwenye hoteli moja ya Dubai Marina. Kila banda alilopiga simu walikuwa wameshasikia habari zake. Mwishowe akaenda kwa Madam Hala, mwanamke wa Kilebanoni mwenye farasi sita wa bei rahisi upande wa Jebel Ali.

"Nimesikia uliua farasi," Madam Hala alimwambia.

"Umesikia kwa nani, madam?"

"Kwa Taib."

"Basi umesikia kutoka kwa aliyemuua."

Madam Hala akamwonyesha ufagio uliko.

Miaka mitatu Peninah aliishi na hasira yake kama mtu anayeishi na mpangaji mwenzake. Alijua Taib amepandishwa cheo akawa mkufunzi. Alijua gari alilonunua. Kwenye simu alitazama kila mbio zake, na kila Taib aliposhindwa alikula vizuri siku hiyo. Tatizo ni kwamba Taib hakushindwa sana, maana sasa alikuwa na Zumaridi, mdogo wake Najma, baba mmoja mama mmoja. Zumaridi alikuwa mrefu kuliko dada yake, ila moyo ni uleule na kukataa ni kulekule. Alikuwa ameshinda mara sita na magazeti ya mbio yakamwita bingwa. Picha zote Taib amemshika hatamu, meno nje.

Peninah akaamua kumvunja Taib palepale penye picha. Katika wale farasi sita wa Madam Hala alikuwemo mmoja wa rangi ya vumbi, Ghubari, asiye na kasi ya maana lakini asiyechoka. Kwenye uwanja wa Jebel Ali sehemu ya mwisho ya mbio hupanda mlima, na farasi wengi wa kasi hufia hapo. Peninah alimfanyisha Ghubari mazoezi kwenye mwinuko mwaka mzima, alfajiri kwa alfajiri. Madam Hala alidhani saisi wake anampenda sana farasi yule. Kwa kweli alikuwa ananoa kisu.

Siku ikafika, Ijumaa ya Februari, alasiri. Farasi tisa walizungushwa kwenye duara ambamo watazamaji huwakagua kabla ya mbio. Peninah alimwongoza Ghubari, na mbele yake, kwa hatua kumi hivi, akaenda Zumaridi, namba nne, akiongozwa na saisi wake, Austine, mtu mkimya wa Busia. Katikati ya duara Taib alisimama na arbab, wakicheka.

Zumaridi alikuwa mzuri mpaka ikamuuma kumtazama. Ngozi inang'aa, kiuno kipana, hatua ya nyuma inapita unyayo wa mbele. Halafu Peninah akaona. Kila mguu wa kushoto wa mbele ulipogusa chini, kichwa kilipanda kidogo, kama mtu anayetaka kupiga chafya akaghairi. Na chini ya bandeji mguu ulikuwa umejaa.

Kwanza alijiambia: nyamaza. Taib amwachie akimbie. Kano ikatike mlimani, mbele ya watu wote na kamera zote, na safari hii hakuna Peninah wa kusingiziwa. Walimaliza mzunguko wa kwanza. Wa pili aliutazama tena ule mguu, akamtazama Taib akimpigapiga arbab begani, akasikia utamu kifuani ambao hakuwa ameusikia miaka mitatu. Akaendelea kunyamaza.

Mzunguko wa tatu Ghubari aliongeza mwendo, pua yake ikakaribia kiuno cha Zumaridi. Yule bingwa alilaza masikio. Akakanyaga kwa nguvu ule mguu mbovu na kukataa kupitwa, hapo hapo, katika mwendo wa matembezi tu, kwenye mbio ambazo hazijaanza. Peninah alijua basi kwamba farasi huyu hatasimama. Mwingine angechechemea akaachia, yeye atapanda mlima mpaka mguu ukatike kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Dada yake alikufa kwa ubora uleule.

Alimpa Madam Hala, aliyesimama kando ya duara, kamba ya Ghubari, akaenda moja kwa moja kwa daktari wa uwanja.

"Daktari, namba nne mguu wa kushoto wa mbele una moto. Mfungue bandeji."

Taib alifika mbio, arbab nyuma yake. "Usimsikilize huyu. Nilimfukuza kazi. Ana kisasi na mimi."

"Ninacho," Peninah akasema, kwa sauti ambayo waliosimama kwenye uzio waliisikia. "Kisasi ninacho, na mguu una moto. Gusa."

Daktari aliinama, akafungua bandeji, akapapasa. Akaomba farasi akimbizwe mchakamchaka hatua ishirini. Hazikufika ishirini, aliinua mkono na kusema namba nne hakimbii.

Arbab alikuwa ameacha kucheka. "Nani alimkagua asubuhi?"

"Huyu," Taib akamwonyesha Austine. "Hakuniambia kitu."

Austine aliishika kamba kwa mikono miwili. Ilionekana kwamba atameza maneno kama watu wengi wanavyomeza mbele ya anayeshika viza zao. Akamtazama Peninah.

"Nilikuambia alfajiri, bosi," akasema. "Ukaniambia nimwekee barafu, nifunge, nikae kimya. Ukasema Ijumaa ni Ijumaa."

Arbab aligeuka polepole. "Na Najma?" akamwuliza Peninah.

"Vilevile, arbab. Nilimwambia, akaniamuru nimfunge tandiko. Kosa langu ni kwamba nilitii."

Ghubari alimaliza wa tatu. Peninah hakumbuki hata nani alishinda.

Jumapili arbab alimfukuza Taib, akamwita Peninah arudi, kwa cheo cha msimamizi. Peninah alisema hataki cheo. Anataka Taib, kabla hajaondoka, asimame mbele ya masaisi wote aseme alivyosema uongo. Kesho yake asubuhi watu ishirini na wanne walikusanyika kwenye zege mbele ya mabanda. Taib alisema akitazama viatu vyake.

"Walio nyuma hawajasikia," Peninah akamwambia. "Sema tena."

Alisema tena. Alipopita kwenda getini alisimama mbele yake, macho mekundu. "Dada, umeridhika?"

"Bado."

Na ni kweli, bado. Taib sasa anazoa kinyesi kwenye banda moja Al Ain, na Peninah ana rafiki huko ambaye kila mwezi humpigia simu kumweleza jinsi anavyokizoa. Yeye amebaki kwa Madam Hala. Zumaridi yuko malishoni. Daktari anasema huenda akakimbia tena baada ya mwaka, huenda asikimbie.

Kuna jambo moja ambalo hakumwambia arbab wala Madam Hala. Alimwambia Joanita, siku walipopata nafasi ya kunywa chai pamoja kabla ya zamu.

"Watu wananisifu kwamba nilimwokoa. Nilimwacha azunguke mara mbili, Joanita. Mara mbili nzima, nikifurahi."

Joanita alifunga vifungo vya shati la kazi, kimoja kimoja. "Na angekuwa farasi wa kawaida, asiye mkaidi, ungemwokoa?"

"Sijui," Peninah akasema, akamimina chai iliyobaki.