Salamu Maria ya Kumi na Moja

Olavo Menezes alikuwa karani wa bima kwa miaka thelathini na miwili, kwanza Tanga, kisha Toronto, na katika muda wote huo hakumpandishia mtu sauti, seuze mkono. Mwanawe Colin alilipwa kupiga watu. Wenzake wa kanisani walipomuuliza kijana anafanya kazi gani, Olavo alijibu, "Yuko kwenye michezo," kisha akawauliza habari za magoti yao.

Mchezo wenyewe ni ule wa magongo kwenye barafu, ambao Wakanada wanauheshimu kuliko kanisa, na hawafichi. Siku zile kila timu ilikuwa na mbabe wake. Mbabe hakuajiriwa kufunga mabao. Aliajiriwa ili anayewaumiza wafungaji mabao ajute. Kazi ilikuwa na adabu zake. Mbabe alimsogelea mbabe wa upande wa pili, akamuuliza kama yuko tayari, na yule akikubali wote wawili walitupa glavu, wakashikana fulana na kutwangana ngumi za uso mbele ya watu elfu kumi na nane waliosimama kwa furaha. Halafu kila mmoja alipelekwa kukaa dakika tano kwenye kibanda cha adhabu, kama mtoto aliyetolewa darasani.

Colin aliifanya kazi hiyo misimu kumi na miwili. Alifunga mabao tisa. Mama yake, Hazel, aliangalia kila mechi kwenye televisheni, rozari mkononi, akimwombea mwanawe na, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, yule mwingine pia. Glavu zilipoanguka, Olavo aliondoka kwenda kuchemsha chai. Kwa miaka kumi na miwili nyumba yao ya Rexdale, pembezoni mwa Toronto, ilikunywa chai kupita mahitaji.

Timu ilimwacha akiwa na miaka thelathini na miwili, kwa simu. Akajaribu kuuza magari. Watu walikuja kupiga picha naye, wakaenda kununua kwingine. Ndoa yake nayo ikaisha, bila kelele. Alipofika arobaini alirudi kwenye chumba chake cha utotoni, akafunga mapazia, kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza. Daktari, msichana mpole, aliwaeleza kwamba kichwa kimepigwa mno, ila ubongo wa namna hiyo hauwezi kuchunguzwa sawasawa mpaka mwenyewe amalize kuutumia. Olavo alimshukuru. Hakujua kitu kingine cha kumfanyia.

Hazel alifariki miaka minne iliyopita. Wakabaki wawili: baba wa miaka themanini na moja akimkumbusha mwana wa arobaini na saba kuvaa soksi. Colin hakuwa mkorofi. Alikuwa anasahau tu. Aliacha jiko likiwaka. Alipanda basi la Kipling kwenda kununua mkate, akakaa mpaka mwisho wa njia, kisha akarudi nalo mpaka mwanzo, mara tatu, hadi dereva alipomuuliza anakwenda wapi. Colin akamwambia ukweli: hajui.

Binti yake Olavo, Elaine, aliyekuwa akiishi Richmond Hill, alitafuta nyumba ya matunzo karibu na kwake. Kulikuwa na chumba. Kulikuwa na fomu. Kutoka Rexdale mpaka huko ni mabasi matatu, na Olavo alikwisha nyang'anywa leseni ya udereva kwa sababu ya macho.

"Wewe mwenyewe unahitaji mtu, Baba," Elaine alisema. "Siku ukianguka bafuni, yeye atampigia nani simu?"

"Hajambo. Ana siku mbaya tu."

"Siku nzuri ndizo chache, Baba. Moja moja."

Hapo ndipo Olavo alipofanya kosa lake. Wagoa wa Tanga waliohamia Toronto, kama akina Olavo, wana sanamu ya Bikira Maria inayozunguka nyumba kwa nyumba, kila familia wiki moja. Siku ya kuipokea, watu husali rozari kisha hula sambusa. Rozari ni ya Kiingereza, isipokuwa tendo la nne, yaani fungu la nne la Salamu Maria kumi, linalosaliwa kwa Kiswahili kwa sababu padri mmoja wa Tanga alitaka hivyo mwaka 1961, na tangu afe hakuna aliyethubutu kubadili. Nyumbani kwa Olavo tendo hilo aliliongoza Hazel. Alipokufa likawa la Colin, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha kusali tu.

"Sanamu inakuja Jumapili ijayo," Olavo alisema. "Akiongoza tendo lake vizuri mbele ya watu, fomu iingie kwenye droo. Asipoweza, sitabisha."

Elaine alimtazama baba yake, mtu aliyepima hatari kwa riziki ya maisha yake yote, akigeuza Salamu Maria kumi kuwa kipimo cha hospitali. Akakubali.

Jumapili saa nane mchana walifika watu kumi na wanane. Colin alikaa karibu na sanamu, amevaa shati jeupe ambalo Olavo alilipiga pasi mara mbili. Tendo la nne lilipofika, alianza. Sauti yake ilikuwa nzito na nzuri, na hakukosea neno. Olavo alihesabu kwenye rozari yake mwenyewe. Saba. Nane. Tisa. Kumi. Mabega yake yakashuka.

Colin akaanza ya kumi na moja.

Vidole vyake vilikwisha vunjika mara nyingi mno; kwake punje ya rozari na hewa vilikuwa kitu kimoja. Alihesabu kichwani, na kichwani ndiko kulikokuwa na shida. Watu wakaitikia. Wakaitikia ya kumi na mbili. Wagoa wa Tanga hawamkatizi mtu anayesali. Wangeacha nyumba iungue kwanza. Ya kumi na tisa, bibi mmoja alifungua jicho moja, akalifumba. Ya ishirini na sita, Elaine aliinamisha uso. Sambusa zilikuwa zinapoa.

Ya thelathini na nne Olavo alisimama. Akapita katikati ya magoti ya watu, akamshika mwanawe bega, na kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu azaliwe akasema Atukuzwe Baba, sala ya kufunga tendo. Wote waliitikia haraka haraka.

Wakati wa kula, Brendan, rafiki wa Olavo tangu Tanga, alimpigapiga Colin mgongoni. "Mwanangu, umetusalia mpaka Kwaresima ijayo. Na mimi nilikuwa nimebakiwa na dhambi mbili tu."

"Mbili ndizo unazozikumbuka, Anko," Colin alimjibu kwa Kiingereza, na watu wakacheka, wakashukuru kupata cha kuchekea.

Walipoondoka, Elaine alibaki akikusanya sahani. Colin alikuwa bado kwenye kiti kile kile.

"Nilijua zimezidi, Baba," alisema.

"Sasa mbona hukuacha?"

"Walikuwa wanaitikia." Alifikiri. "Kwenye barafu huwezi kuacha mwenyewe. Ukiacha mwenyewe, unapigwa. Unaendelea mpaka marefa waingie kati wakushike. Nilikuwa nangoja mtu aingie."

Olavo alikaa karibu naye. "Nilichelewa," alisema.

"Lakini ulikuja."

Kisha Olavo alimwita binti yake. "Lete ile karatasi."

"Si lazima leo, Baba."

"Ilete. Leo anaelewa."

Elaine aliitoa kwenye mkoba, akaiweka mezani na kalamu. Colin aliisoma pole pole, kidole kikifuata mistari, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya timu.

"Ni karibu na kwa Elaine?"

"Dakika kumi," Elaine alisema.

"Na wewe, Baba?"

"Mabasi matatu," Olavo alisema. "Nitakuja Jumanne na Ijumaa."

"Unataka niende?"

Olavo aliangalia mikono yake mwenyewe, iliyo mizima yote.

"Hapana," alisema. "Weka sahihi."

Colin akaweka sahihi, kubwa, ya kulala upande, kama alivyowawekea watu elfu kadhaa kwenye fulana na picha, na chini yake akaandika arobaini na nne, namba ya mgongoni. Elaine alifungua mdomo kumwambia kwamba namba haihitajiki. Kisha akaikunja fomu ilivyo, akaitia mkobani.